Uzi: Je, mtu asiye na uzoefu wowote wa kliniki ya meno aombe kozi ya usafi wa kinywa?

#1 Mtafuta_Njia

Wakuu, salamu. Ninajiandaa kuomba nafasi katika kozi ya usafi wa kinywa, ile inayomwandaa mtaalamu wa kuondoa ugaga, kupima afya ya fizi na kumfundisha mgonjwa namna ya kujitunza. Matokeo yangu ya baiolojia na kemia ni mazuri, na kwa sasa ninafanya kazi ya kuhudumia wateja kaunta. Kliniki ya meno ninaijua kama mgonjwa tu, sijawahi kufanya kazi ndani yake.

Mtu ninayemheshimu, ambaye ni msaidizi wa daktari wa meno, ameniambia kwamba fomu za watu kama mimi huwekwa kando kabla hazijasomwa, na kwamba nifanye kwanza kazi ya usaidizi kwa miaka kadhaa ndipo niombe. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kwa nini kauli hii inarudiwa na watu wengi kiasi hiki?

#2 Gegoni

Karibu. Kwa jinsi ilivyosemwa, kauli hiyo si kweli, na chanzo chake ninadhani ninakijua. Kozi hizi hazifanani. Nchini Uingereza, kwa mfano, zipo stashahada zinazomtaka mwombaji awe tayari amehitimu uuguzi wa meno, yaani ile kazi ya kumsaidia daktari wa meno, na zipo shahada zinazopokea wanafunzi wanaotoka moja kwa moja sekondari wakiwa na baiolojia nzuri. Nchini Marekani vyuo vingi vinataka mwombaji awe amesoma kwanza anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na kemia, bila kumwekea sharti la kuwahi kushika kifaa chochote cha meno. Mtu husoma sharti la kozi moja, akalitangaza kuwa sharti la kozi zote, na wanaomsikia wakalipokea hivyo.

Soma sifa za kujiunga za kila chuo unachokitaka, neno kwa neno. Palipoandikwa "lazima" ni lazima, na palipoandikwa "itazingatiwa" maana yake hukatazwi kuomba.

#3 FiziImara

Gegoni amesema vizuri kuhusu masharti, lakini sharti ni jambo moja na ushindani ni jambo jingine. Vyuo vingi huwapanga waombaji kwa alama: alama za masomo, alama za mtihani wa kuingilia pale unapokuwepo, na katika baadhi ya vyuo alama za ziada kwa aliyefanya kazi ya usaidizi wa meno. Hapo uzoefu si sharti, ila waombaji wanapokuwa wengi kuliko nafasi, alama hizo chache ndizo zinazomtenga aliyeitwa na aliyeachwa. Huyo msaidizi aliyemshauri mleta uzi ametia chumvi kuhusu fomu kuwekwa kando, lakini msingi wa maneno yake upo.

#4 ChongeLaJuu

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno kabla ya kusomea usafi wa kinywa, kwa hiyo naweza kueleza uzoefu ulinifaa wapi na wapi haukunifaa.

Nilipoomba mara ya kwanza sikuchukuliwa, kwa sababu kemia yangu ilikuwa dhaifu, na hakuna aliyeniuliza niliketi kando ya kiti kwa muda gani. Nilirudia somo hilo ndipo nikaingia. Darasani, uzoefu ulinisaidia katika majina ya vifaa, katika namba za meno, katika utaratibu wa kutakasa vifaa kwa mvuke, na katika kutoshtuka ninapoona damu na mate. Wenzangu waliotoka nje ya fani walihangaika na mambo hayo mwanzoni, kisha wakanifikia.

Kazi yenyewe ya mkono ilikuwa ngeni kwangu kama ilivyokuwa ngeni kwao. Msaidizi humkabidhi daktari vifaa, hufyonza mate na huandaa chumba. Mtaalamu wa usafi wa kinywa huketi peke yake na mgonjwa, akaingiza kipimo chembamba kati ya jino na fizi, akasoma kina cha nafasi hiyo, milimita 1 hadi 3 ikiwa ni hali ya kawaida na 4 au zaidi ikimtaka achunguze kwa makini, na akafanya hivyo sehemu sita kuzunguka kila jino. Kisha anakwangua ugaga ambao mara nyingi hauoni, anauhisi kwa ncha ya kifaa tu. Hisia hiyo ya vidole huwezi kuipata kwa kumkabidhi mtu mwingine vifaa.

#5 Bakteria_Sitaki

ChongeLaJuu, sehemu sita kwa kila jino, na mtu mzima ana meno 32 yakiwa kamili! Sasa nimeelewa kwa nini aliyenipima mimi alikuwa akitaja namba bila kupumua, na mwenzake akiandika mbio nyuma yake.

#6 Zamani_za_Kale

Mleta uzi aangalie pia historia, kwa sababu kuna wanaodai kwamba fani hii ilizaliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, jambo ambalo si sahihi. Ni kweli kwamba Jeshi la Anga la Uingereza lilianza kufundisha wasafishaji wa meno mwaka 1943, lakini kwa Marekani mambo yalianza mapema zaidi. Daktari Alfred Fones wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, alimfundisha kazi hiyo Irene Newman mwaka 1906, kisha mwaka 1913 akafungua shule. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1914, na ndani yake walikuwamo walimu wa shule na wauguzi. Wengi wa waliohitimu walikwenda kufanya kazi katika shule za mji huo, wakisafisha meno ya watoto na kuwafundisha kupiga mswaki.

Kwa hiyo fani hii tangu mwanzo iliwapokea watu wa nje. Mwalimu alionekana kufaa kwa sababu nusu ya kazi ni kufundisha.

#7 FiziImara

Zamani_za_Kale, umeacha jambo moja. Irene Newman alikuwa tayari msaidizi wa Fones katika kliniki yake, na walikuwa ndugu, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mdogo. Yeye ndiye aliyepata leseni ya kwanza mwaka 1917. Na katika lile kundi la shule, pamoja na walimu na wauguzi, walikuwamo wasaidizi wa meno wenye uzoefu. Historia hii inatetea pande zote mbili, nami naiona inaelemea upande wangu.

#8 Zamani_za_Kale

Nashukuru kwa nyongeza. Hata hivyo mtu mmoja aliyefundishwa na ndugu yake si sawa na darasa zima lililofunguliwa kwa ajili ya wenye ujuzi tofauti. Darasa hilo ndilo lililoijenga fani.

#9 Kiti_cha_Tano

Nimefundisha wanafunzi wa usafi wa kinywa kliniki na nimekaa katika jopo la usaili, kwa hiyo niruhusiwe kueleza kidogo kwa urefu.

Nafasi ni chache kwa sababu ya viti na walimu. Mwanafunzi anayejifunza kuondoa ugaga katika kinywa cha mtu halisi anahitaji kiti chake, seti yake ya vifaa na mwalimu wa karibu wa kukagua kazi yake kabla mgonjwa hajaondoka. Nchini Marekani, kwa mfano, viwango vya kuthibitisha kozi vinataka kliniki mwalimu mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watano. Chuo hakiwezi kuongeza wanafunzi kwa kuongeza madawati. Na mwanafunzi anapoacha kozi katikati, kiti chake hubaki kitupu hadi kundi lake limalize, kwa maana huwezi kumwingiza mwingine katikati ya mafunzo ya mkono.

Hiyo ndiyo sababu jopo linaogopa watu wasiojua wanachokiomba. Tunapouliza kuhusu uzoefu, mara nyingi tunauliza kitu kingine: je, unajua kwamba utakaa umeinama karibu na kinywa cha mtu kwa saa nyingi, kwamba shingo, mgongo na kifundo cha mkono vitachoka, kwamba utakutana na harufu mbaya, na kwamba wagonjwa watakurudia wakiwa hawajatekeleza hata moja uliyowaagiza? Aliyefanya kazi ya usaidizi anazo hizo habari. Asiyefanya anaweza kuzipata kwa kuomba ruhusa ya kuketi kliniki na kutazama, na akija akatueleza alichokiona, mimi humpa uzito uleule.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba baadhi ya waombaji wenye uzoefu walianguka kwa sababu walizungumzia kazi ya daktari kwa usaili mzima. Tuliwauliza kwa nini usafi wa kinywa, wakajibu kuhusu kuziba na kung'oa.

#10 Gegoni

Kiti_cha_Tano ametoa sababu ambayo sikuwahi kuiwaza, ya kiti kubaki kitupu. Lakini inaleta swali: kama hofu ni watu kuacha kozi, basi wanaoacha ni wale wasio na uzoefu kweli? Niliowafahamu mimi walioacha walishindwa masomo ya darasani, hasa patholojia, yaani elimu ya magonjwa, na dawa, wala hawakushindwa na harufu ya kinywa.

#11 Utulivu_Kwanza

Naomba nijibu hilo la Gegoni, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa walioacha. Nilikuwa na alama nzuri, na masomo ya nadharia hayakunisumbua. Kilichonishinda ni ukaribu. Nilifanya vizuri kwenye ile sanamu ya kichwa yenye meno bandia, lakini nilipoanza kumhudumia mtu anayepumua, anayekunja uso na kushika mkono wa kiti kwa nguvu, nilikuwa nikisimamisha kazi kila mara kwa hofu ya kumuumiza. Walimu walinivumilia na kunisaidia sana. Sasa ninafanya kazi ya maabara ya kutengeneza meno bandia, na ninaipenda.

Naamini kwamba kutazama kliniki kabla ya kuomba kungenionyesha dalili hiyo mapema. Sijui kama kuwa msaidizi kungefanya hivyo, kwa sababu msaidizi hasababishi maumivu kwa mkono wake.

#12 Mtafuta_Njia

Nawashukuru wote, na kipekee Utulivu_Kwanza kwa uwazi huu. Kiti_cha_Tano, nikipata ruhusa ya kutazama, nitazame nini hasa? Naogopa kuketi pale nikaona midomo wazi tu na kurudi bila la kusema.

#13 Kiti_cha_Tano

Swali zuri. Usianze kwa kutazama meno, mtazame mtaalamu. Angalia anavyouliza historia ya afya kabla ya kugusa kitu: dawa za kuyeyusha damu, kisukari, ujauzito, mzio, ugonjwa wa moyo. Jiulize kwa nini kisukari kinamhusu mtu wa fizi, kisha ukasome: ugonjwa wa fizi huwa mkali zaidi kwa mwenye sukari isiyodhibitiwa, nao uvimbe wa fizi huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Angalia alipoegemeza kidole anapokwangua, kwa sababu kifaa chenye ncha kali hakiachwi kielee mdomoni, daima kidole kimoja huwa kimetia nanga kwenye jino la jirani. Angalia jinsi anavyotumia kioo kuona nyuma ya magego bila kupinda shingo yake.

Kisha sikiliza mazungumzo. Mgonjwa anaambiwaje kwamba fizi zake zinavuja damu kwa sababu ya utando wa bakteria kwenye meno ambao hauondoi vizuri? Kuna namna ya kulisema hilo mtu akasikia aibu na asirudi tena, na kuna namna ya kulisema akaomba kuonyeshwa uzi wa meno unatumikaje. Mwombaji anayekuja na mfano mmoja wa namna hiyo, akaueleza kwa maneno yake, huwa nimekwisha kumwelewa kabla usaili haujaisha. Bila shaka usitaje jina wala habari ya mgonjwa yeyote itakayomtambulisha. Jopo litakuhesabia vibaya, na ni haki.

#14 Mpiga_Mswaki

Mimi naongezea mbinu moja: anunue vifaa vya kukwangulia ugaga mtandaoni, ajizoeze kwa wadogo zake nyumbani. Akifika usaili atasema tayari mkono wake ni mwepesi.

#15 ChongeLaJuu

Mpiga_Mswaki, tafadhali, hapana. Vifaa hivyo vina makali. Mkono usiofundishwa hukwaruza mzizi wa jino, huchana fizi, na unaweza kuusukuma ugaga chini zaidi ya fizi badala ya kuutoa. Visipotakaswa ipasavyo hubeba homa ya ini kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Katika nchi nyingi kufanya hivyo bila leseni ni kosa la kisheria, na mwombaji anayelitaja katika usaili amejifungia mlango mwenyewe. Anayetaka kuzoeza mkono na achonge umbo la gego kwenye kipande cha sabuni, au ajaribu kuchora akiangalia karatasi kupitia kioo, maana kazi nyingi za mdomoni hufanywa kwa kutazama kioo.

#16 Gegoni

Naunga mkono onyo lote. Kuhusu sabuni na kioo sina hakika. Waliochonga sabuni na wasiochonga niliwaona wakianza sawa mbele ya sanamu ya kichwa.

#17 ChongeLaJuu

Inawezekana, lakini aliyechonga gego analijua lina vilele vingapi na mizizi inagawanyika wapi, na ugaga unajificha hapohapo inapogawanyika.

#18 Kashoto

Samahani kwa kuchepua kidogo. Mimi natumia mkono wa kushoto, na niliambiwa kwamba hilo ni tatizo kubwa kuliko kukosa uzoefu. Kuna ukweli?

#19 Kiti_cha_Tano

Kashoto, usikatishwe tamaa na hilo. Tunafundisha mahali pa kukaa kwa kutumia uso wa saa, kichwa cha mgonjwa kikiwa kwenye 12. Anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi kuanzia takriban saa 8 hadi 12 za uso huo, nawe utafanya kuanzia 12 hadi 4. Kinachohitajika ni kiti ambacho trei na mirija ya vifaa vyake inaweza kuhamishiwa upande wako. Uliza chuo swali hilo kabla ya kuomba, ni swali halali kabisa.

#20 Bakteria_Sitaki

Kashoto na mwenye mkono wa kulia wakiketi viti vya jirani watagongana viwiko, lakini watazoeana haraka kuliko darasa zima!

#21 Mama_wa_Kidato

Nirudi kwenye maandalizi. Niliingia kozi hii nikitoka ualimu wa watoto wadogo, bila siku moja ya kliniki ya meno, na kilichokaribia kunichelewesha kilikuwa chanjo. Vyuo vingi haviruhusu mwanafunzi amguse mgonjwa kabla hajathibitisha kinga dhidi ya homa ya ini B. Katika ratiba ya kawaida dozi ni tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kisha hufuata kipimo cha damu cha kuhakikisha kwamba mwili umejenga kinga. Mwombaji akisubiri mpaka apate barua ya kukubaliwa, kliniki inaweza kuanza yeye bado anasubiri dozi. Wasaidizi wengi huwa wamekwisha kuchanjwa kazini, na hii ni faida yao ambayo haikutajwa hapo juu.

Kuhusu barua ya maelezo binafsi, usianze na takwimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Ni takwimu ya kweli na nzito, lakini jopo huikuta katika barua nyingi, nayo haisemi lolote kukuhusu wewe. Mimi niliandika jinsi nilivyomfundisha mtoto aliyekataa mswaki kabisa, hatua kwa hatua, hadi akaukubali. Katika usaili waliniuliza kuhusu mtoto huyo na hawakurudi kwenye suala la uzoefu.

Mleta uzi, ulisema unahudumia wateja. Katika baadhi ya vyuo mwanafunzi hutakiwa ajitafutie wagonjwa wa kujifunzia, wenye kiwango fulani cha ugaga, na awashawishi kuketi kwa muda mrefu wakati mwalimu akikagua kila hatua. Wenzangu waliokuwa wazuri wa vitabu lakini wagumu wa kuongea walipata shida kubwa hapo. Wewe unaijua tayari kazi ya kumtuliza mtu aliyechoka kusubiri.

#22 FiziImara

Mama_wa_Kidato ameeleza vyema, ila naona sote tumeanza kumpaka mafuta mleta uzi. Aliyepita atasema njia ilikuwa wazi, na tuliowaona walioachwa hatuwezi kuwaita hapa wote. Mimi bado nashauri hivi: kama chuo chake kinatoa alama kwa uzoefu, na kama anaweza kupata kazi ya usaidizi, aifanye huku akiomba. Si lazima achague moja. Akikataliwa mwaka huu, mwakani atakuwa na alama zaidi.

#23 Utulivu_Kwanza

FiziImara, kuna vyuo visivyotoa alama hizo kabisa, na mwaka wa usaidizi ni mwaka wa kutosoma. Kama mikrobiolojia yake itapoa kwa sababu hiyo, amepata nini? Katika baadhi ya vyuo masomo ya sayansi yana muda wa kuisha; yakizidi miaka kadhaa yanatakiwa kurudiwa.

#24 FiziImara

Ndiyo maana nilisema "kama chuo chake kinatoa alama". Hoja ya masomo kuchakaa naikubali, na aikague.

#25 Mtafuta_Njia

Nimepitia upya kurasa za vyuo ninavyovikusudia kwa mtindo wa Gegoni, neno kwa neno. Kimoja kinatoa alama za ziada kwa uzoefu wa kliniki ya meno, kingine hakitaji kabisa, na cha tatu kinataka uthibitisho wa saa za kutazama, uliosainiwa na mtaalamu mwenye leseni. Nimeandika barua ya kuomba ruhusa ya kutazama, na kesho nitauliza kuhusu chanjo. Swali langu lililobaki ni moja: kwa hiki cha tatu, je, saa za kumtazama daktari wa meno zinahesabiwa, au lazima awe mtaalamu wa usafi wa kinywa?

#26 Kiti_cha_Tano

Inategemea chuo, waandikie ofisi ya udahili na utunze jibu lao la maandishi. Ukiruhusiwa kuchagua, mtazame mtaalamu wa usafi wa kinywa.

#27 ChongeLaJuu

Kwa hili napingana na mwalimu. Awatazame wote wawili, ikiwezekana katika kliniki moja, aone mgonjwa anavyotoka chumba kimoja kuingia kingine na nani anampa nani taarifa gani. Kuna nchi mgonjwa anaweza kwenda kwa mtaalamu wa usafi wa kinywa bila kupitia kwa daktari kwanza, Uingereza ikiwa mojawapo tangu mwaka 2013, na kuna nchi ambako hilo haliruhusiwi. Mwombaji anayeelewa mpaka huo wa kazi uko wapi anakokwenda kusoma anaweza kujibu maswali ambayo hata wasaidizi wa miaka mingi huyakwepa.